Sapini Yangu Iko Muzuri

Jumamosi, 29 Novemba

Siku ya ushindi. Niandike kabla furaha haijapoa.

Mama Mado, yule mkubwa wa kupamba kanisa, amepita leo kwenye parsele za nyumba zetu kuchagua sapini, mti wa Noeli wa parokia. Kila mwaka huchagua ya Papa Numbi, jirani yangu. Kila mwaka! Na mimi kila mwaka husimama upande wangu wa ua nikijifanya nafagia. Leo ameziangalia zake, akaziangalia zangu, akaizunguka ile ndefu iliyo karibu na tangi la maji, akasema, "Hii njo yenyewe."

Yangu! Mimi Jamali, mtengenezaji wa makochi, Mwislamu, mtoto wa watu wa Maniema, ndiye nitatoa sapini ya kanisa. Yasmine, mke wangu, ameuliza shangwe hii yote ni ya nini wakati Noeli si sikukuu yetu. Nikamwambia mti hauna dini. Akasema hata wivu hauna dini. Nikaondoka. Nilikuwa na kazi.

Papa Numbi amenipongeza juu ya ua. Kwa moyo mweupe kabisa. Imeniharibia utamu. Nilikuwa nimeandaa jibu la kumpa mtu aliyekasirika, likakosa pa kwenda.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Sapini ya kweli haioti Lubumbashi, inataka baridi. Yetu ni jamaa yake tu, mti mwembamba wa majani yenye harufu, na mji mzima unaiita sapini. Mbegu alizileta marehemu Mama Wivine, mke wa Papa Numbi. Miche yangu niligawiwa naye bure, siku niliyokwenda kuomba chumvi.

Jioni nimeona tawi moja la chini limegeuka kahawia. Ni jua tu.

Jumapili, 30 Novemba

Si jua.

Matawi ya kahawia ni mengi, upande wa ndani, ambako Mama Mado hakutia mkono. Nimeyagusa, vidole vikanata kama nimeshika asali. Juu ya ile asali kumeota kitu cheusi, kama masizi ya sufuria. Sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina kama watu wa zamu mgodini. Nikainua tawi. Vidudu! Vidogo, vya kijivu, ubavu kwa ubavu, vimeinamisha vichwa, vinakunywa. Havikushtuka hata kidogo. Vilinidharau.

Nimechungulia kwa Papa Numbi. Zake nazo zina kahawia! Nimefurahi sana. Kisha nikafikiri: kama tunaugua wote, nani amemwambukiza mwenzake? Yeye, bila shaka. Zake ni za zamani. Kisha nikafikiri: lakini zangu ni watoto wa zake, na miaka yote hii zimekaa bila tatizo. Fikra hiyo nimeiacha njiani.

Mpango: sabuni. Nimechukua sabuni ya kufulia ya Yasmine, nikaiyeyusha kwenye ndoo, nikaogesha mti tawi kwa tawi kama mtoto mchanga. Vidudu vikaanguka. Nikaenda kula, tumbo likiwa tayari limejaa ushindi. Niliporudi, sisimizi walikuwa wanavibeba kuvirudisha juu. Naapa! Wanavichunga kama ng'ombe wao.

Yasmine anatafuta sabuni. Nimemsaidia kutafuta.

Jumanne, 2 Desemba

Nimekwenda kwa Zakari, binamu yangu anayeuza dawa za mimea sokoni. Nimemweleza ule weusi. Vidudu sikuvitaja. Mtu akitaja vidudu sokoni, habari hufika nyumbani kabla yake. Zakari akanipa dawa ya ukungu. Nimepuliza mti mzima, uso nimeufunga kitambaa cha kochi. Yasmine alipiga kelele za mwizi.

Matokeo: weusi umepauka kidogo. Vidudu vimenona. Nimempigia Zakari kulalamika. Amesema daktari hutibu ugonjwa aliotajiwa. Tangu lini huyu ana busara?

Mchana mvua kubwa. Nimekaa barazani kuitazama. Matone yanaangukia sapini yangu, yanaruka, yanaangukia kwa Papa Numbi. Upepo unageuka, ya kwake yanakuja kwangu. Ua wetu ni wa matete tu. Mvua haiulizi parsele ni ya nani. Jambo hilo halikunifurahisha, nikaingia ndani.

Alhamisi, 4 Desemba

Hatari! Deborah, binti ya Papa Numbi, ameingia kutoka Kasomeno. Anafanya kazi kwenye bustani za miche huko, na magonjwa ya miti ameyasomea. Baba yake amemwita aangalie sapini zake. Huyo atachungulia na kwangu! Akiona, Mama Mado atakuwa amejua kabla ya kengele ya jioni.

Nimetandaza vitambaa vyote vya makochi juu ya ua, toka mwanzo mpaka mwisho. Vyekundu, vya maua, hadi vya ngozi ya bandia. Nikageuza ndoo, nikaikalia nyuma yake, nikatega sikio.

Deborah alimweleza baba yake polepole. "Papa, bino bilulu binakunywa mayi ya muti. Muti unapoteza nguvu, njo ukungu unaingia mu maganda. Unaona hapa? Muti unalia."

Nikageuka kuangalia sapini yangu. Kweli, kwenye gome kulikuwa na machozi ya utomvu. Mimi nilidhani ni afya.

Papa Numbi akauliza kama kuna dawa. Deborah akasema ya vidudu ipo, lakini ukungu ukishaingia ndani ya gome, mti huo hukatwa ukachomwa. Na mvua hii inaubeba. Kama na jirani anao, basi watibu pande zote mbili siku moja, waangalie upi wa kukata na upi wa kuokoa. Kama jirani hana, heri kuondoa hizi haraka kabla hazijamfikia.

Kisha sauti ya Papa Numbi ikapita juu ya vitambaa.

"Jamali! Uko pale?"

Nikasema niko.

"Sapini yako iko namna gani? Haiko na bilulu?"

Hapo ningeweza kusema mambo mengi. Tangu mchana nimeyatunga kichwani, yote mazuri. Lakini mdomo ulikuwa karibu kuliko kichwa.

"Iko muzuri, Papa Numbi! Iko muzuri kabisa!"

"Tunashukuru Mungu," akasema. Na kweli alishukuru, nilisikia sauti yake ikilegea. Kisha akamwambia binti yake, "Basi tutakata yote. Siwezi kumuharibishia jirani."

Deborah akasema angependa kuziangalia zangu kwanza kwa macho yake. Baba yake akamkatiza. "Jamali amesema. Ni muntu mukubwa."

Sikuinuka kwenye ndoo mpaka walipoingia ndani.

Jumamosi, 6 Desemba

Amezikata. Zote.

Nimekwenda kusaidia. Nisingekwenda ingeonekana vibaya. Shoka lake, panga langu. Papa Numbi si mtu wa maneno. Alifanya kazi kwenye reli maisha yake yote, na mpaka leo husimama kama mtu anayesubiri kitu kipite. Lakini leo amezungumza. Amesema Mama Wivine alizipata zile mbegu kwa masista, huko Mitwaba, akazileta zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Alizipanda kwenye makopo ya maziwa, akiwa na mimba ya Deborah. Baridi ya mwezi wa sita ilipofika, akayaingiza makopo chumbani, na Papa Numbi akawa analala na kichwa mlangoni kwa sababu nafasi imejaa. Siku ya mazishi yake watu walileta maua ya plastiki. Yeye akakata tawi la sapini, akaliweka juu ya kaburi. Anasema tawi lilibaki na harufu hata maua yote yakapauka.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Moshi ukaingia. Nikakohoa, naye akanipigapiga mgongoni, akaniletea maji.

"Yako ikibakia, hakuna neno," akasema. "Yako ni batoto ya yake."

Nimerudi nyumbani. Yasmine amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Sikula. Akauliza kama ni tumbo. Nikasema ni moshi.

Upande wa pili wa ua sasa ni anga tupu. Miaka yote hii sikujua kama nyumba yake ina dirisha linaloangalia kwangu.

Jumanne, 9 Desemba

Nimefikiri sana. Nikimwambia Papa Numbi ukweli, je, sapini zake zitarudi? Hazitarudi. Atakuwa amepoteza miti, na jirani juu yake. Ni ukatili! Kumbe kunyamaza ndiyo huruma. Tena kuna hili: amechoma miti yake ili wangu upone. Wangu usipofika kanisani, atakuwa amechoma bure. Kwa hiyo heshima ya marehemu Mama Wivine inadai mti huu ufike kanisani, na ufike ukipendeza.

Nimempa Yasmine hoja hii yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Jamali, weye ungekuwa avoka." Nikashukuru, maana avoka ni mtetezi wa watu mahakamani. Baadaye nimeanza kuona pengine hakuwa ananisifu.

Kazi imeanza. Matawi yaliyokufa nimeyaondoa. Mti umebaki na mashimo kama nyumba iliyokosa madirisha. Sasa nachukua matawi mabichi ya sapini zangu nyingine, nayashona kwenye ule mrefu. Ndiyo, nayashona! Sindano iliyopinda ya makochi, uzi wa nailoni, fundo limefichwa ndani. Nimefunga springi za viti vya watu wazito wa mji huu. Tawi litanishinda?

Penye kahawia iliyobaki nitapaka rangi ya kijani. Ninayo, imebaki ya mlango wa mteja.

Ijumaa, 19 Desemba

Mama Mado amekuja kuuona mti kabla haujakatwa. Nilimwekea kiti mbali, nikampa chai ya tangawizi, nikamwambia mti unaosubiri kukatwa haupendi kusogelewa. Akakubali. Akasema lakini unang'aa sana. Nikasema ni afya. Akavuta pumzi, akasema kuna harufu ya rangi. Nikasema ni jirani anapaka rangi.

"Jirani gani?"

Jirani ninaye mmoja.

Mama Mado akashika kifua. "Ee, Papa Numbi! Amepoteza miti yake yote na bado anapamba nyumba juu ya Noeli! Ile ni muntu ya roho. Nikimaliza chai nitaenda kumupongeza."

Sijawahi kumwongezea mtu chai haraka namna ile. Nikamwomba Yasmine amweleze mambo ya mtoto wetu Rachida, hayo huwa hayaishi. Mimi nikapita nyuma na kopo la rangi na brashi, nikaingia kwa Papa Numbi, nikaanza kupaka mlango wake bila hata kubisha. Akautoa uso nje, akiwa na kipande cha mkate mkononi. Akauliza nafanya nini. Nikasema ni zawadi. Ya Noeli. Jirani kwa jirani.

Akaacha kutafuna. "Tangu Wivine alikufa," akasema, "hakuna muntu alishagusa huu mulango."

Mama Mado akafika, akaukuta mlango unameremeta, akampa pongezi. Papa Numbi akasema pongezi ni za Jamali. Wote wawili wakanigeukia na macho ya upole. Ningependa ardhi inimeze, lakini nilikuwa sijamaliza upande wa chini.

Nimeumaliza mlango vizuri. Nimerudia hata mara ya pili. Huo, angalau, ni kweli.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimeharibikiwa.

Niandike kwa utaratibu. Asubuhi tumeukata mti, tumeupakia kwenye mkokoteni, turubai juu kwa sababu ya mvua. Nimeusukuma mwenyewe hadi kanisani, Mama Mado mbele akifungua njia. Tumeusimamisha karibu na pango la Mtoto Yesu. Chini Mama Mado ametandika kitambaa cheupe alichokifua kwa mikono yake. Wanakwaya walikuwa wanafanya mazoezi. Na kwa muda mfupi ulipendeza. Kweli ulipendeza! Nilisimama nyuma, karibu na mlango, nikasikia sauti zile, nikaona mwanga wa dirisha umeushika mti, nikasahau kila kitu. Nikawaza: pengine Mungu amekubali.

Kisha tawi likaanguka.

Mama Mado akaliokota. Akaligeuza. "Ni nini hii? Uzi?" Akatikisa shina. Majani makavu yakanyesha juu ya kitambaa cheupe. Akajifuta jasho usoni na uso ukawa wa kijani. Akajifuta kijani na uso ukawa mweusi, maana masizi yalikuwa chini ya rangi. Hapo sisimizi, waliosafiri ndani ya shina bila kulipa, wakateremka kwa mstari moja kwa moja mpaka kwenye nyasi za pango, alipotakiwa kulazwa mtoto. Wanakwaya wakapanda juu ya mabenchi.

Mama Mado akaita jina langu. Kanisa lile lina mwangwi. Lilinirudia mara nyingi.

Papa Numbi alikuwapo, alikuwa akipanga mishumaa. Akaja taratibu. Akaliokota lile tawi, akaliinua mwangani, akaangalia chini ya majani. Aliangalia sana. Vidudu vilikuwa pale, vimeinamisha vichwa. Akaliweka tawi chini polepole, kama kitu kinachoweza kuumia. Akanitazama. Akatoka kwenye mvua bila kofia.

Wengine wote walidhani ni mti mbaya tu. Mama Mado aliniita mwizi, mchafu, mpakaji rangi. Sikujali. Macho yangu yalikuwa mlangoni.

Jumapili, 21 Desemba

Papa Numbi amekuja mwenyewe baada ya misa. Amesimama kwenye geti langu, hakuingia.

"Ile siku nilikuuliza," akasema.

"Ndiyo, Papa."

"Ulijibu nini?"

"Nilijibu iko muzuri."

"Iko muzuri," akarudia taratibu, kama mtu anayesoma kibao cha stesheni asiyoifahamu.

Nikaanza kueleza. Mama Mado, kanisa, heshima, mdomo uliotangulia kichwa. Akainua mkono.

"Ungesema iko na bilulu, tungetibisha pamoja. Deborah alisema vile, ulisikia. Tungeangalia muti moja moja. Pengine moja ya Wivine ingebakia."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Ukweli kabisa. Siku zote hizi nilidhani nimedanganya kuhusu sapini zangu. Sikuwahi kuwaza kwamba katika zile zilizoungua kulikuwa pengine na mti mzima. Nikasema, "Unisamehe, Papa."

Akaangalia mawingu. "Kesho, kama mvua haiko, unakata yako yote. Nitakuya."

Nikamwambia asisumbuke, nitakata peke yangu.

"Nitakuya," akasema. "Weye ukiniambia umekata, miye nitajua namna gani?"

Yasmine alikuwa amesimama nyuma yangu, amesikia yote. Alinipita akaenda kuanua nguo.

Jumatatu, 22 Desemba

Tumezikata. Tumechoma.

Alikuja na reki, akafanya kazi, hakuniambia hata neno. Majani yale yakishika moto hulia kama mafuta. Upepo ukauvuta moto kwenye ua wa matete. Akakimbia, nikakimbia, tukaupiga pamoja, yeye kwa reki, mimi kwa gunia, mpaka ukafa. Ua umeungua katikati. Sasa kuna pengo ambalo mtu anaweza kupita. Tulisimama kila mmoja upande wake tukipumua.

Yasmine akaleta chai, vikombe viwili. Papa Numbi akanywa. Akasema aksanti. Kwa Yasmine.

Habari za parokia: wamesimamisha mianzi, wametundika nyota za karatasi. Mama Mado anatangaza kwamba ni nzuri kuliko sapini zote zilizowahi kuingia mle. Neno hilo linanilenga mimi.

Alhamisi, 25 Desemba

Tangu tulipokuwa majirani, kila Noeli Papa Numbi huniletea jogoo wake nimchinje kwa namna yetu, ili sote tuweze kula chungu kimoja mezani kwake. Hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo. Alikuja tu na jogoo mwaka wa kwanza, na ikawa hivyo.

Leo nimeamka, nimenoa kisu, nimekaa getini. Deborah amepita kwenda kanisani. Deborah amerudi kutoka kanisani. Nimekinoa kisu tena. Yasmine ameoga, amevaa kitenge kipya, amekaa ndani bila kuuliza. Kutoka kwa jirani harufu ya vitunguu, sauti za sufuria. Hakuna mtu. Nikamwambia Yasmine pengine mwaka huu wanakula samaki. Akasema hata samaki huwa na mwaliko.

Nilikuwa nimeshaanza kukifunga kisu kwenye kitambaa. Ule mlango wa kijani ukafunguka. Papa Numbi akatoka, jogoo kwapani. Hakupita barabarani, alipita kwenye pengo la ua. Akasimama mbele yangu. Hakunisalimia.

"Chinja," akasema.

Nikachinja. Jogoo yule alistahili mtu bora. Papa Numbi akamchukua, akaanza kuondoka, akasema bila kugeuka, "Mukuye na kiti. Yetu moja imevunjika."

Nimechukua kiti kizuri kuliko vyote vya karakana. Ni cha mteja. Mteja atangoja.

Tumekula bukari, ugali wetu wa mahindi, na kuku. Hakuna aliyetaja miti. Deborah alinitilia supu bila kunitazama, lakini alinitilia nyingi. Mwisho Papa Numbi akaanza kusimulia jinsi treni ya Kamina ilivyowahi kusimama porini kwa sababu ya nyuki, akacheka mwenyewe katikati, nami machozi yakanitoka. Nikasema ni pilipili. Chakula hakikuwa na pilipili.

Naandika hili nisilisahau: mimi ni mtu aliyebadilika. Kabisa.

Jumamosi, 10 Januari

Deborah ametukalisha chini wote wawili kabla ya kurudi Kasomeno. Ardhi ya pande zote mbili ipumzike sapini. Tupande maharagwe. Baadaye tutapanda tena, miti ya aina mbalimbali, tuiachanishe, na kila wiki tuinue majani pamoja na kuangalia chini yake. Papa Numbi amekubali. Nimekubali. Tumeshikana mikono. Niliushika wake kwa nguvu, na nilimaanisha.

Jioni nimefikiri kidogo.

Ikiwa pande zote mbili zinapumzika, Noeli ijayo mtaa wote hautakuwa na sapini. Mama Mado atachoka na mianzi, namjua. Na nyuma ya jiko letu kuna mahali ambapo hapaonekani, si kutoka kwenye pengo la ua, si kutoka dirishani kwake. Miche michache tu. Na ugonjwa huu nani anaujua kuliko mimi? Nimeuona kwa macho, nimeushona kwa sindano. Tena sivunji ahadi. Tuliahidi kuhusu shamba. Nyuma ya jiko si shamba, ni jiko. Zakari ana mtu wa kutuletea miche, anasema ina nguvu za ajabu.

Yasmine ameniona napima ardhi kwa hatua. Ameficha jembe.

Hakuna shida. Nimepita kwenye pengo, nimeazima kwa Papa Numbi. Akauliza kama ni la maharagwe. Nikasema ni la maharagwe. Akafurahi, akasema udongo wa leo ni laini, nimechagua siku nzuri, na nilioshe kabla ya kulirudisha ili ugonjwa usivuke. Nimemwahidi.

Alikuwa nayo mawili. Amenipa lile zuri.